Jicho la Mama Mkwe na Tiki ya Kijani

Hospitali yetu ya macho ina ukuta ambao haujawahi kumtibu mtu lakini unaheshimiwa kuliko madaktari wote. Uko kwenye korido, kati ya dirisha la kadi na mlango wa chumba cha upasuaji, na umejaa fremu. Ndani ya kila fremu kuna karatasi moja, na kwenye kila karatasi kuna tiki kubwa ya kijani na maneno: Ukaguzi umekamilika, mfumo uko salama. Wagonjwa wanaokaa kwenye mabenchi mbele ya ukuta huo hawazisomi. Wangekuwa na macho ya kuzisoma wasingekuwa pale. Lakini zipo, na kila Ijumaa zinafutwa vumbi.

Mwenye ukuta ni mkurugenzi wetu, ambaye sisi wafanyakazi, kwa mapenzi makubwa na akiwa mbali, tunamwita Mzee Tiki. Mwenye kuzichapa hizo karatasi ni mimi. Kazi yangu ni kutunza hifadhidata, yaani majina, namba za kadi na vipimo vya macho ya watu, vyote vilivyomo kwenye kompyuta kubwa inayonguruma ndani ya chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Nina diploma yangu, nina kiyoyozi kinachodondosha maji begani, na hospitali nzima inaniita Kompyuta. Hata mke wangu akikasirika ananiita hivyo, ila yeye anaongeza "mbovu".

Sasa, hifadhidata inakaguliwa kwa namna mbili. Kuna ukaguzi wa haraka na kuna ukaguzi kamili. Ngoja nieleze kama nilivyomweleza Mzee Tiki, kwa upole ule ule, nikiomba Mungu nyinyi mnisikie.

Chukua mfumo wetu kama hosteli kubwa. Vipimo vya kila mgonjwa vina chumba chake. Pale mlango mkubwa kuna ubao unaosema kadi fulani, chumba fulani. Wenye fani wanauita ubao huo faharasa. Nesi akiandika namba ya kadi, kompyuta haihangaiki kuzunguka vyumba vyote. Inatazama ubao, inakwenda moja kwa moja kwenye mlango ulioandikwa, inachukua ilichokikuta, inaleta. Ukaguzi wa haraka unapita kwenye korido mikono mfukoni: kuta zimesimama, milango ipo, paa halijaanguka, kwaherini. Ukaguzi kamili unagonga kila mlango, unaingia, unamuuliza aliyemo: wewe nani, na mbona ubao unasema vingine? Wa kwanza unamalizika chai ikiwa bado ya moto. Wa pili unakula siku nzima, na siku hiyo mfumo unafungwa. Kadi hazitoki, miwani haikatwi, hakuna anayepasuliwa.

Kwa hiyo kuta zikiwa zimesimama, Mzee Tiki anapata tiki yake. Nani kalala kitanda cha nani, hayo si mambo ya ukuta.

Balaa lilianza siku ile hospitali ilipokumbuka kwamba wafanyakazi wake nao wana macho. Tukaambiwa tupimwe wote, kila mmoja atengenezewe miwani bure. Mkurugenzi akapimwa wa kwanza ili awe mfano, ingawa fremu ya bure aliikataa, akaleta yake yenye pembe za dhahabu. Mlinzi wa getini akapimwa baada yake, na yeye alipewa fremu nyeusi ya plastiki, nene kama mpini wa jembe. Kwa kuwa siku hiyo wapimaji walikuwa hawana hiyana, nami nikamleta mama mkwe wangu, akapimwa pamoja na wagonjwa wa kawaida. Vipimo vikawa vinaingizwa kwenye mfumo kwa kasi, vidole vinaruka, mara umeme ukakatika. Jenereta likakohoa mara mbili kama mzee anayetaka kuanza hotuba, kisha likaghairi. Kompyuta kubwa ikazimika katikati ya kuandika.

Umeme uliporudi nilimfuata Mkurugenzi ofisini.

"Bosi, hii imezimika mdomo ukiwa umejaa. Tufanye ukaguzi kamili."

"Kompyuta, benchi limejaa watu. Fanya wa haraka."

"Wa haraka hauangalii ubao, bosi."

"Unatoa tiki au hautoi?"

"Unatoa."

"Basi."

Tiki ikatoka, fundi wa fremu akaitwa. Maisha yakaendelea.

Sasa huyu mama mkwe. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mwenye ulimi uliochongwa vizuri. Jicho lake la kushoto liliharibika angali msichana. Alilobaki nalo ni la kulia, na hilo nalo limeingia mtoto wa jicho, kiasi kwamba sura za watu anazijua kwa harufu na kwa uongo wao. Daktari angemtoa ile lenzi yake iliyoingia ukungu na kumwekea ya bandia, ya nguvu ile ile iliyoandikwa kwenye kipimo chake. Na lenzi hiyo si miwani, kwamba ikikukataa unaivua unaiweka mezani. Inakaa humo ndani. Ukiwekewa ya mwenzako, umewekewa.

Daktari mwenyewe alikuwa mgeni, bingwa, mama mfupi wa maneno machache, anayekuja kwetu kwa wiki moja kisha anapotea mpaka wakubwa wakumbuke kumwita tena, na wakubwa wetu mnawajua wanavyokumbuka. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kwenye orodha, Jumatatu asubuhi. Nafasi hiyo aliisubiri mpaka akachoka kuisema. Alihamia kwetu na begi lake, akawa anakaa kwenye kiti changu, maana aliambiwa ndicho kizuri.

Siku moja tuko mezani akaniuliza, "Mkwe, hiyo kompyuta yako inalijua jicho langu?"

"Inalijua, Mama."

"Umehakikisha?"

"Ina tiki."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Tiki! Mwanangu, mimi tiki nimezipiga maisha yangu yote. Nyingine nilizipiga nikiwa nimechoka, naangalia jibu la chini tu, njia siisomi. Darasa zima walikuwa wamenakili kwa mmoja. Wote wakafaulu, nikasifiwa mpaka na mkaguzi. Sasa nambie, hiyo tiki yako ni ya asubuhi nina nguvu, au ni ya jioni nataka kwenda kulala?"

Mke wangu akanitazama. Nikajifanya nina shughuli na mfupa, ila sahani yangu ilikuwa haina mfupa.

Ijumaa kabla ya wiki ya upasuaji, Mkurugenzi aliniita. Daktari mgeni alikuwa amesema hashiki kisu kabla ya kuona karatasi mpya ya ukaguzi. Ombi dogo tu, la mtu asiyejua anazungumza na nani.

"Nipe tiki mpya," akasema Mzee Tiki. "Ya leo."

"Bosi, safari hii tukague kamili. Kesho na keshokutwa hakuna wagonjwa wa nje."

"Kesho na keshokutwa fundi miwani anamaliza miwani ya wajumbe wa bodi. Wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Unataka bodi ije haioni?"

Nikafikiri kwamba bodi isiyoona haitakuwa jambo geni, lakini nikameza.

"Basi tufunge Jumatatu."

"Jumatatu! Siku ya kwanza ya bingwa! Kompyuta, wewe una tatizo moja. Hujiamini. Mfumo umepata tiki mara zote, wewe bado unautilia shaka kama mke mwenye wivu. Lete hapa nisaini ya haraka."

Nikampa karatasi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akainamisha kichwa kama kuku anayetazama mwewe. "Na hizi herufi mbona mnachapa za sisimizi siku hizi?" akalalamika. Kisha akasaini. Akasaini vizuri sana, kwa mbwembwe zote, nusu kwenye karatasi na nusu kwenye meza.

"Kichwa kinaniuma," akasema akijikanda kipaji cha uso. "Miwani mpya. Macho bado yanaizoea."

"Tangu siku ile ya umeme, bosi?"

"Nzuri inachukua muda kuzoeleka."

Nikatoka nikiwa na karatasi yenye nusu ya saini, nikaenda zangu getini kupunga upepo. Pale nikamkuta mlinzi wetu kakakamaa, kapiga saluti ya nguvu, kidevu juu. Anampigia nani? Gari la mikate. Dereva wa mikate naye, mtu wa heshima, akaitikia kwa mkono. Halikupita hata gari jingine, likaja la Mkurugenzi. Mlinzi akashusha kizuizi mbele yake, paa!

"We nani, na unakwenda wapi?"

Mkurugenzi akashusha kioo, akamtazama vizuri kupitia dhahabu yake, akasema kwa unyenyekevu, "Samahani, Daktari, sikujua umeshafika."

Nikabaki nimeshika nguzo. Wagonjwa waliokuwa pale getini walicheka, mimi sikucheka, na mimi kicheko hakinipiti hata msibani. Watu wawili, wamepimwa wakifuatana, umeme umekatika juu ya vipimo vyao, na sasa mmoja anapigia mikate saluti na mwingine anamwomba radhi mlinzi.

"Afande," nikamwambia mlinzi gari lilipopita, "hiyo miwani inakufaa?"

"Kaka, niseme ukweli?" Akatazama huku na huku, pengine akitazama upande usio na mtu. "Tangu niivae naona dunia kama iko ndani ya ndoo ya maji. Lakini ni ya bure. Utalalamikia cha bure?"

Nikamchukua hadi kwa fundi miwani, dada mmoja mwenye vidole vyembamba na subira ya kushona lulu. Akaipima ile miwani ya plastiki kwenye mashine yake, akafungua kadi ya mlinzi kwenye kompyuta.

"Haina kosa," akasema. "Kompyuta imesema hivi, nami nimekata hivi."

"Sasa mpime mwenyewe. Macho yake."

Akampima. Akaangalia namba, akaangalia miwani, akampima tena. Kisha akaweka kalamu chini taratibu. "Kompyuta," akaniambia, "macho haya na miwani hii hawajawahi kukutana."

Nilimfuata Mkurugenzi kwake jioni ile ile, ile plastiki mfukoni. Nilimkuta sebuleni anasoma gazeti, au tuseme anakaa nalo. Nikamwambia, "Bosi, vua hiyo, vaa hii. Dakika moja tu."

"Hiyo? Ya mlinzi?"

"Hakuna anayekuona."

Akaivaa kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya kwa mkia. Akatazama gazeti. Akatazama dari, akaona utando wa buibui. Akatazama kapeti, akatazama mkono wake mwenyewe. Mwisho akanitazama mimi, na nadhani ndiyo siku aliyoniona.

"Kompyuta. Umezeeka."

"Pole, bosi."

Akaivua, akavaa tena dhahabu yake, akarudi gizani kwa heshima. Nikajua sasa ameelewa, nikaanza hata kumhurumia. Ndipo akasema:

"Hili la mimi na mlinzi tutalimaliza kimyakimya. Sasa sikiliza. Jumatatu wa kwanza ni mama mkwe wako, siyo?"

"Ndiye."

"Wewe unaweza kuingia humo ndani, ukakitafuta chumba chake peke yake, ukahakikisha ni vipimo vyake?"

"Naweza. Kimoja hakinichukui muda."

"Basi hakikisha cha mama yako. Apasuliwe kwa amani, aone. Karatasi ya haraka imeshasainiwa. Waliobaki..." Akapunga mkono hewani. "Waliobaki kuna tiki."

Nitawaambia ukweli, nilitoka pale nikiwa nimefurahi. Mtu akikupa ufunguo wa mlango wako mwenyewe huulizi majirani watalala wapi. Nikarudi stoo yangu ya mafagio, nikakitafuta chumba cha mama mkwe. Sikupitia kwenye ubao, nilizunguka mwenyewe mlango kwa mlango. Nikakikuta. Namba ya kadi yake, vipimo vyake, jicho lake la kulia. Nikarudi kwenye ubao nikaandika namba ya kadi yake, ubao ukanileta pale pale. Yake ilikuwa sawa kabisa. Mashine ya kumpima upya kwa lenzi ya ndani, siyo ile ya miwani, ilikuwa imepelekwa kwa mafundi tangu lini sijui, lakini haja ilikuwa wapi? Jicho la mama mkwe lilikuwa salama.

Nyumbani nikatangaza kama mtu aliyeshinda uchaguzi, pamoja na kisa chote cha miwani ya Mkurugenzi na mlinzi. Mke wangu akanikumbatia. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti changu, mikono magotini.

"Umeangalia langu," akasema.

"Nimeliangalia, Mama. Liko sawa. Jumatatu unaingia wa kwanza, Jumanne unaona."

"Na la yule mama anayeingia baada yangu? Yule anayekohoa kama ananidai nafasi?"

"Lake sijaliangalia."

"Na anayemfuata?"

Mke wangu akaingilia. "Mama, jamani. Wengine nao wana wakwe zao."

"Wakwe wenye funguo za kompyuta?" Kisha akaniuliza polepole, kwa sauti ile ambayo nadhani watoto wa darasani walikuwa wanaiogopa kuliko fimbo. "Mkwe, ukiwaangalia wote inakuwaje?"

"Tunafunga siku nzima, Mama. Jumatatu yote inapotea. Na daktari wiki yake haiongezeki. Wewe ni wa Jumatatu. Utasukumwa mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni..." Sikumalizia. Daktari anaweza kuondoka foleni ikiwa bado inamtazama, na jicho lake lilikuwa limebakiza mwanga wa kutofautisha mlango na dirisha tu.

"Kwa hiyo mkwe wangu anafanya kazi hospitali ya macho ili mimi nikose jicho," akasema. "Nilimwambia binti yangu aolewe na yule wa benki."

"Mama!"

"Ya benki yamepita. Nitaamua mwenyewe Jumatatu."

Jumatatu asubuhi nilimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani la wagonjwa, limefungwa nyuma kwa kamba, na hata ndani ya gauni lile alionekana kama anakwenda kusimamia mtihani. Mlangoni alisimama Daktari mgeni, na pembeni yake Mkurugenzi, karatasi ya ukaguzi mkononi, dhahabu inameremeta. Benchi zima lilikuwa limejaa, na yule mama wa kikohozi alikuwa amekaa wa pili, mkoba tayari mapajani.

"Karibu, Mama," Daktari akasema. "Uko tayari?"

"Siko tayari."

"Unaogopa?"

"Simwogopi mtu. Naambiwa jicho langu wamelihakikisha. Langu tu, kwa kuwa nina mkwe. Hawa waliokaa hapa, naomba nijue, wao wamehakikishwa na nani?"

Mkurugenzi akatoa kicheko cha wageni. "Mama yetu ana hofu kidogo. Daktari, karatasi hii hapa. Mfumo umekaguliwa Ijumaa. Tiki hiyo."

"Mwanangu," mama mkwe akamgeukia, au aligeukia sauti yake, "hiyo miwani uliyovaa ni ya nani?"

Kwa kweli hata kiyoyozi changu nilikisikia kutoka stoo.

"Ni yangu," akasema Mkurugenzi.

"Basi msomee Daktari hiyo karatasi. Siyo tiki. Maneno."

Mkurugenzi akainua karatasi. Akaisogeza mbali. Akaisogeza karibu. Akainamisha kichwa. Daktari akamtazama, akatazama ile saini iliyoishia ukingoni kama imeanguka, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwenye mfumo?"

"Ndiye."

"Huu ukaguzi unahakikisha kwamba kila kipimo ni cha mwenye kadi?"

Bosi wangu alikuwa ananitazama. Kwa bahati nzuri nilijua haoni uso wangu.

"Hapana, Daktari. Huu unahakikisha kwamba kompyuta bado ni kompyuta."

Daktari akavua glovu. Moja, ya pili. "Funga mfumo. Nitaanza kesho."

Watu wa benchi wakaguna, na aliyeguna kuliko wote alikuwa yule mama wa kikohozi. "Wengine wakiogopa kisu," akasema kwa sauti ya kusikika, "wasitucheleweshe sisi wenye moyo."

Mama mkwe akanifinya mkono. "Usimjibu. Kadi yake ikaguliwe kwanza."

Nikafunga. Siku nzima mfumo ukagonga milango, mmoja baada ya mwingine, nami nikakaa kama mtu anayesubiri mke wake chumba cha kujifungulia. Makosa yakaanza kutoka. Mlinzi na Mkurugenzi, hao nilikuwa nawajua. Wakafuata wengine, wote wa siku ile ya umeme: kadi ya huyu inafungua chumba cha yule, chumba cha yule hakipo kwenye ubao kabisa. Jumla yao kumi na saba. Wa kikohozi alikuwemo. Jicho aliloandikiwa lilikuwa la mzee mmoja wa benchi la nyuma, na tofauti yao haikuwa ya kubahatisha. Angeingia na ukungu akatoka na ukungu, wa kudumu.

Nikafuta ubao wote, nikaujenga upya kutoka kwenye vyumba vyenyewe, nikarudia ukaguzi kamili, ukatoka safi. Kisha nikaandika ripoti kamili, kama nilivyofundishwa chuoni: kilichokutwa, kilichorekebishwa, na hatua zinazopendekezwa. Chini kabisa nikaweka tiki. Kubwa. Ya kijani. Nampenda bosi wangu.

Wiki ile Daktari alifanya kazi kama anafukuzwa. Kila siku benchi lilipungua, kila siku nilimleta mama mkwe na kila siku nilimrudisha. Yule wa kikohozi alipasuliwa Jumatano, akaondoka na bandeji yake bila hata kuaga, akakohoa tu. Mama mkwe alikuwa anasikia viatu vya watu wakiingia na kutoka, akawa anavihesabu. Alhamisi njiani aliniambia, "Langu lilikuwa sawa toka mwanzo, siyo?"

"Lilikuwa sawa, Mama."

"Ningekuwa naona sasa hivi."

"Ungekuwa unaona."

"Hm." Hatua chache. "Yule mwanamke wala hajui."

"Nimwambie?"

"Ukimwambia atakuja kunishukuru, anikoholee usoni. Mwache."

Ijumaa jioni begi la Daktari lilikuwa limeshatolewa nje, limeegemezwa kwenye kibanda cha mlinzi, na gari la kumchukua linapiga honi. Mlinzi akaliambia lisubiri, akalipigia na saluti kwa usalama, maana hakuwa na hakika ni la nani. Ndani, mtu wa mwisho kwenye foleni aliitwa jina. Nikamwachia mkono mlangoni. Nilivyobaki pale koridoni, na vile nilivyoutazama ule ukuta wa tiki, sitasimulia. Nina heshima zangu.

Jumamosi asubuhi bodi ikaja. Wajumbe wakapitishwa kwenye korido, na Mkurugenzi mbele yao akionyesha ukuta. Na pale katikati, fremu kubwa kuliko zote, mpya, bado inanukia vanishi: ripoti yangu ya ukaguzi kamili. Hakuisoma. Angeisomaje? Miwani yake halisi ilikuwa pale getini, ndani ya plastiki, na fundi miwani alishamwambia kuhamisha vioo ni kazi ya nusu saa tu, ila fremu ya dhahabu ingebaki tupu kwa nusu saa hiyo, na bodi ilikuwa njiani. Aliona kijani chini ya karatasi, akaona ndiyo tiki kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, akaita fundi wa fremu.

"Na huu," akawaambia, "ndio ukaguzi kamili. Niliuagiza mwenyewe."

Wakati huo huo nesi alikuwa anamfungua mama mkwe bandeji, pale benchini. Mke wangu amemshika bega, mimi nimesimama mbele yake na shati la kuazima. Bandeji ikatoka. Akafumba. Akafumbua. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akanitazama mimi kuanzia viatuni.

"Huyu ndiye?" akamuuliza binti yake.

"Ndiye, Mama."

"Sasa nimeelewa kwa nini ulikuwa unanificha picha za harusi."

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja. Mkurugenzi aliposikia kicheko akaona nafasi yake, akaileta bodi yote mpaka benchini.

"Mama! Mgonjwa wetu! Waambie wajumbe, unaona?"

"Naona."

"Unaona nini?"

Akafunika jicho bovu kwa kiganja kama walivyomfundisha, akainua uso kuelekea ukutani, ng'ambo ya korido, na akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya darasani, isiyohitaji kipaza sauti.

"Ripoti ya ukaguzi kamili. Kilichokutwa: kumbukumbu kumi na saba za vipimo zilizochanganywa, ambazo ukaguzi wa haraka uliofanyika mara zote haukuziona. Kilichorekebishwa: zote. Hatua zinazopendekezwa. Moja: karatasi za ukaguzi wa haraka zisitumike tena kuthibitisha vipimo vya wagonjwa. Mbili: Mkurugenzi abadilishane miwani na mlinzi wa getini." Akashusha kiganja. "Halafu kuna tiki."

Wajumbe wa bodi, na miwani yao mipya, wakageuka wote kwa pamoja kutazama ukuta. Kisha wakamtazama Mkurugenzi. Naye alikuwa bado ameukodolea macho, kichwa kimeinama kama kuku yule yule.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "herufi ndogo vile, kutoka hapa, umezionaje?"

"Kwa lenzi yangu mwenyewe," mama mkwe akamjibu, akasimama, akaenda mlangoni bila kushikwa mkono.